Shimo Alilolifukia Mboni

Miaka hiyo, kila Jumamosi, kabla mpira haujaguswa na mtu, Mboni binti Jalal hulala kifudifudi katika uwanja wa Bustani ya Mikaratusi, shavu moja kwenye vumbi, jicho moja amelifumba, akiangalia chini ya kamba. Mgeni akipita hudhani mama wa watu ameanguka. Watu wa mtaa wa Bondeni hawakujisumbua. Walijua anatafuta mwanga.

Kamba ikishavutwa kutoka kigingi hadi kigingi, ardhi iliyo sawa huigusa mwanzo hadi mwisho. Ardhi iliyozama huacha upenyo, na mwanga wa asubuhi hupita hapo kama unavyopita chini ya mlango. Mboni akiuona, huinuka, hujikung'uta leso, huchukua fimbo yake na kupima upenyo una vidole vingapi. Kisha huleta udongo kwa karai, hujaza, hushindilia kwa kipande cha gogo, na hapo ndipo hupiga mstari.

Mstari wenyewe hakuupiga kwa chokaa. Baba yake, Jalal, aliyekuwa mtu wa karakana ya reli siku tano na mtu wa mistari siku ya sita, aliiacha chokaa siku winga mmoja alipoanguka nayo machoni akapelekwa hospitali akilia kama mtoto. Tangu hapo alitumia udongo mweupe wa Kariandusi, njia ya Gilgil, mwepesi kama unga wa ngano na hauumi jicho. Aliutia kwenye mkebe uliotobolewa matundu chini, akatembea akiutikisa nyuma ya kamba. Mboni alimfuata nyuma akifagia.

Shule aliiachia darasa la nne, mama yake alipolala kitandani asiinuke tena. Hesabu alizijua kwa mafundo ya kamba ya baba: kumi na sita na nusu ni boksi, tisa na kidogo ni duara. Jalal alipofariki, matanga yalikwisha Ijumaa. Jumamosi Mboni alionekana uwanjani na kamba begani.

Wa kwanza kumcheka alikuwa Hezekiah, ambaye siku hizi anaendesha bauza la maji lakini wakati ule alikuwa winga wa kulia na kelele nyingi.

"Mwanamke achore uwanja?" aliuliza, mikono kiunoni. "Leo tutacheza juu ya maua!"

"Wewe cheza," Mboni akamjibu bila kuinua kichwa. "Ukikosa goli usiseme ni mstari."

Hezekiah akakosa goli. Mistari ilikuwa imenyooka kama reli. Habari ya mwanamke na uwanja ikaishia hapo, ikageuka kawaida, na miaka ishirini na moja ikapita.

Katika miaka hiyo yote kulikuwa na mahali pamoja palipomsumbua. Palikuwa nje kidogo ya mstari wa pembeni, karibu na mkaratusi wa mwisho, upande wa mlima Menengai, pale ambapo mshika kibendera hukimbia. Kila masika yalipokwisha, ardhi ya hapo ilikuwa imeshuka. Vidole vitatu, vidole vinne. Mwaka ule maji ya ziwa yalipopanda mpaka yakaingia mashamba ya watu, ilishuka shubiri nzima. Mboni alikuwa akipima, anakata pengo kwenye fimbo, anajaza, anaendelea na kazi. Hakuona ajabu. Kuna paa huvuja mahali palepale kila mwaka hata uzibe vipi, na hapa ilikuwa ni hivyo hivyo, ila ni ardhi.

Habari ya nyasi bandia ililetwa nyumbani na Sundus, binti yake wa pekee, Januari. Sundus ana miaka ishirini na mbili na ni kipa wa timu ya wasichana wa Bondeni. Ukimwona viwiko vyake utadhani amevutwa barabarani. Kila mpira alioudaka chini katika ule uwanja ulimdai ngozi.

"Mama, wanatuletea kapeti!" aliingia akipiga makofi. "Kapeti kabisa! Nyasi za plastiki, na mpira mweusi ule laini chini yake. Nitaruka mpaka wanikataze."

"Na mistari?"

Sundus akapunguza sauti. "Mistari imeshonewa humo humo, Mama. Inakuja nayo."

Mboni aliendelea kuchambua mchele. "Basi mgongo wangu utashukuru," akasema. Na alimaanisha, nusu.

Februari mwenyekiti wa kamati ya uwanja, Bwana Bethwel, mtu mnene mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba chumvi, alimtumia ujumbe: wapima ardhi wanakuja Jumanne, bustani iwe nadhifu. Sasa mtu wa Bondeni akiambiwa wageni wanakuja, hafanyi mkutano. Anafagia. Anaficha ndoo iliyopasuka, anatandika kitambaa kizuri juu ya meza yenye mguu mbovu. Mboni alikuwa amelelewa hivyo. Siku mbili alibeba udongo, karai thelathini na nne, akazijaza pale mkaratusini. Hezekiah alimwachia maji yaliyobaki kwenye bauza, akalowesha kidogo kidogo, akashindilia, akafagia, akashindilia tena mpaka mikono ikaota malengelenge. Mahali penye tabia mbaya pakawa pamevaa nguo za Idi.

Wapima ardhi wakaja na mitambo yao ya miguu mitatu. Walichimba vishimo vitano vyembamba, vinne kwenye kona na kimoja katikati ya uwanja wa zamani, wakachota udongo, wakaridhika. Mmoja akapiga hata picha.

"Bi Mboni," Bwana Bethwel akamwambia, "leo umetutoa aibu."

Mboni akaenda nyumbani akiwa amefurahi.

Mwisho wa Machi ramani ilibandikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa mtaa, kila mtu aione kabla ya kikao cha maoni. Vijana walijazana wakipigana picha mbele yake. Mboni alisubiri wapungue, akasogea. Maandishi hakuyahangaikia. Mistari je? Mistari ndiyo iliyokuwa kazi yake toka utotoni. Alitia kidole kwenye lango la bustani, akafuata njia ya miguu, akahesabu mikaratusi iliyochorwa kama vikombe vilivyopinduliwa. Akaona vyumba vya kubadilishia nguo vimewekwa kule penye goli la zamani. Akaona kwamba, ili vyumba vipate nafasi, uwanja mpya umesukumwa na kugeuzwa kuelekea Menengai.

Kidole kikafika mkaratusi wa mwisho. Pembeni yake palikuwa na duara.

Duara la katikati.

Alisimama pale mpaka mlinzi wa ukumbi akamwuliza kama anataka maji. Alikuwa akisikia karai zake thelathini na nne, moja baada ya nyingine, zikimwagika.

Nyumbani alimweleza Sundus kila kitu. Sundus alikuwa akishona glavu zake, akaacha sindano hewani.

"Kwa hivyo watu watacheza juu ya shimo."

"Watacheza juu yake. Na zulia litakuwa limefunika, hakuna atakayeona mwanga tena chini ya kamba, maana kamba haitakuwapo. Siku moja baada ya mvua shimo litafunguka, na juu yake kuna watu."

"Mama." Sundus alizungumza polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Kikao ni Jumatano. Ijumaa wanatia sahihi. Bwana Bethwel amesema wasipotia Ijumaa, uwanja wetu unapewa mji wa Molo. Unajua vijana watakufanya nini ukisimama useme ramani ni mbaya?"

"Watanitukana."

"Watasema unaogopa kukosa kazi."

"Najua." Mboni alitazama viganja vyake, malengelenge yaliyokwisha kuwa magumu. "Lakini mimi ndiye niliyelifukia, Sundus. Si mvua, si wapima. Ni mimi. Niliwapambia."

Sundus akachoma sindano kwenye glavu. Kisha akauliza, "Lina kina gani?"

"Sijui. Linakula kila mwaka na halijawahi kushiba."

"Basi sema," akasema Sundus, na akavuta uzi kwa meno.

Jumatano ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Bwana Bethwel alieleza habari za zulia, za taa, za ua. Watu walishangilia kila sentensi. Alipouliza kama kuna mwenye neno, alikuwa tayari ameanza kufunga faili. Mboni akasimama na fimbo yake.

"Mimi nina neno. Uwanja uje, nautaka kuliko nyinyi, mwanangu ni kipa. Lakini usiwekwe hapo. Chini ya hilo duara pana shimo."

Kicheko kilianzia nyuma.

"Mathe anataka kuendelea kumwaga unga!" kijana mmoja akapaza sauti.

"Mathe, si uende upike chapati na huo unga, tutakula!"

"Ametumwa na watu wa Molo huyu!"

Bwana Bethwel aliinua mkono, akatabasamu lile tabasamu la kumpa mtu heshima huku unamwonyesha mlango. "Bi Mboni, sisi sote tunakuheshimu. Umetuchorea tangu zamani. Lakini haya sasa ni mambo ya kitaalamu. Udongo umechimbwa, umepimwa. Hakuna shimo."

"Halikuonekana kwa sababu nililijaza," akasema Mboni. "Mlisema wageni wanakuja. Nikalijaza siku mbili, nikalipiga likawa gumu kama sakafu. Ule uzuri mliousifu ndio huo."

Ukumbi ukaanza kunong'ona.

"Kwa hivyo unakiri ulificha," Bwana Bethwel akasema.

"Nakiri. Ndiyo maana nimesimama."

Mbele kabisa, pembeni ya ramani, alikaa msichana wa Kihindi wa mtaa wa Section 58, injinia wa mradi, jina lake Karishma. Jioni nzima hakuwa amesema zaidi ya salamu. Sasa alikuwa hamtazami Mboni usoni. Alikuwa akitazama fimbo.

"Mama, samahani. Hizo pengo ni za nini?"

"Kila masika pengo moja. Urefu wa pengo ni vile paliposhuka."

"Ziko ngapi?"

"Ishirini na moja."

Karishma alitoka kwenye kiti, akaja akaishika fimbo, akapitisha kidole gumba toka juu hadi chini. Akasimama kwenye pengo moja refu. "Hii ni ya mwaka gani?"

"Ile masika daraja zilienda na maji."

"Na hii?"

"Ziwa lilipopanda."

"Na hii fupi kabisa?"

"Hiyo ni ukame. Mvua ilitunyima, hapakushuka hata kidole."

Karishma akairudisha fimbo kwa mikono miwili. "Mwenyekiti, mimi nina vitabu vya mvua ofisini vinavyosema hivyo hivyo. Kesho asubuhi naenda kupaona."

"Injinia! Kesho kutwa tunatia sahihi!"

"Ndiyo maana nimesema kesho."

Alhamisi asubuhi ungedhani ni fainali. Nusu ya Bondeni ilikuwa bustanini, na wale vijana wa jana walikuja mapema ili wapate mahali pazuri pa kuchekea. Karishma alikuja na nondo ndefu yenye ncha. Mboni akamwonyesha pale mkaratusini. Karishma akainua nondo, akaipigilia kwa nguvu.

Nondo ikaruka. Ardhi ilikuwa ngumu kama sufuria.

Akapiga tena hatua moja kando. Ikaruka. Watu wakaguna, halafu wakacheka. Mboni alikuwa ameshindilia kama alivyofundishwa na baba yake, na sasa kazi yake mwenyewe ilikuwa inamkana mbele za watu.

Bwana Bethwel aliagiza kiti cha plastiki. Akakiweka palepale, juu ya mahali penyewe, akakaa, kiti kikalia.

"Jamani, mnajua kilo zangu," akasema, mikono ameitandaza. "Mimi nimekaa. Mwaona nimezama?"

"Bado, boss!" umati ukajibu kwa furaha.

Mboni alingoja kicheko kipungue. "Pakavu hapawezi kusema," akamwambia Karishma. "Ni maji ndiyo hupasemesha. Hezekiah!"

Hezekiah alikuwa amesimamisha bauza karibu na lango, kwa sababu Mboni alikuwa amemgongea mlango alfajiri akamwambia aje tu, asiulize. Alichungulia dirishani.

"Bi Mboni, haya maji ya mteja!"

"Mteja atangoja. Lete."

Hezekiah alitazama umati, akamtazama Mboni, akacheka peke yake. "Nilisema huyu atachora maua," akawaambia waliokuwa karibu. "Mtu akishapanda maua, si lazima uje umwagilie?" Akatia gia.

Mboni hakutaka amwage yote pamoja. Kwanza walifungulia kidogo kule penye boksi la zamani, wakahesabu mpaka mia. Maji yakasimama, dimbwi zuri, majani makavu yakaanza kuelea juu yake. Kila mtu akaliona. Halafu bauza likarudi nyuma taratibu hadi mkaratusini, na Bwana Bethwel akasogezwa hatua tatu na kiti chake, akinung'unika kwamba viatu vyake ni vya ngozi.

Maji yakafunguliwa.

Hayakusimama. Yalienea kidogo, yakasita, kisha yakaingia chini kama yanaitwa. Mpira wa maji ulimwaga, ukamwaga, na juu ya ardhi hapakuwa na dimbwi la kutosha shomoro kuoga. Vicheko vilipungua kimoja kimoja. Hezekiah alishuka akagonga tangi kwa ngumi, likalia utupu.

"Lita elfu kumi," akasema. "Zimeenda wapi?"

"Jua," akasema Bwana Bethwel. "Ardhi ilikuwa na kiu."

Sundus alikuwa ameshika ncha moja ya kamba, akaivuta mpaka kigingi cha mbali bila kuambiwa. Mboni akalala kifudifudi, shavu kwenye matope safari hii, jicho moja amelifumba. Umati wote ukawa unamtazama mama wa miaka hamsini na mbili amelala chini, na hakuna aliyecheka.

Mwanzoni kamba ilikuwa imegusa ardhi kote. Kisha, karibu na mguu wa kile kiti, akauona. Uzi mwembamba wa mwanga. Uzi ukawa utepe.

"Bwana Bethwel, inuka hapo."

"Nini tena?"

"Nimesema inuka. Mwanga unakuja."

Aliinuka, lakini aliinuka ili abishane. Alikuwa amefika hatua mbili akielekea kwa Mboni, kidole juu, mdomo wazi, wakati mguu wa nyuma wa kiti ulipozama. Halafu wa pili. Ikasikika sauti kama ya mtu mkubwa anayemeza uji wa moto, na kiti kikaenda. Ardhi ikakifuata, mapande kwa mapande, udongo wa karai thelathini na nne na mwingine wa miaka ishirini na moja, mpaka pakabaki mdomo wenye upana wa chumba cha jikoni, na vumbi likipanda kutoka ndani ingawa juu palikuwa pamelowa.

"Nyuma! Wote nyuma!" Karishma akapiga kelele, mikono ameitanua. Hakukuwa na haja. Watu walikuwa wameshafika njiani.

Mtulivu alikuwa Mboni peke yake. Alifunga jiwe kwenye ncha ya kamba ya baba yake, akalala tena, akaiteremsha kutoka mbali huku Sundus amemshika miguu. Aliita mafundo kwa sauti, na umati ukaanza kuhesabu naye. Mita sita. Saba. Nane. Kwenye tisa jiwe likagota kwenye kitu kilicholia ko, ko.



"Hicho ni kiti changu," akasema Bwana Bethwel.

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa yeye mwenyewe. Alicheka mpaka akashika magoti, na machozi yalipomtoka haikujulikana ni ya kicheko au ya hofu iliyochelewa. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Mboni, akamnyoosha mkono amwinue. "Bi Mboni," akasema, na mara hii sauti yake haikuwa ya kuhutubia, "ningekuwa nimekaa."

"Ungekuwa umekaa," Mboni akakubali, akijikung'uta matope.

Lakini Ijumaa ilikuwa bado inakuja, na ramani iliyoonyesha duara juu ya shimo haikuwa ramani ya kutia sahihi. Hilo kila mtu alilifikiria kwa wakati mmoja. Kijana yule wa chapati ndiye aliyelisema, na hakukuwa na dhihaka tena katika sauti yake.

"Sasa, mathe? Si ndiyo imeenda Molo?"

Karishma alikuwa ameshatoa daftari. "Mama, kuna mahali pengine huwa unajaza?"

"Papo. Pawili, ila hapo si sana."

"Nionyeshe."

Mboni akatangulia. Alimwonyesha penye kona ya hema la waumini wanaosali bustanini kila Jumapili, ambapo kigingi cha hema hulegea kila Mei. Akamwonyesha karibu na bomba la maji. Karishma akachomeka tawi kila mahali, akarudi nyuma, akatazama. Mdomo wa shimo, hema, bomba. Vilikuwa kwenye mstari mmoja, umenyooka kama umepigwa kwa kamba, unatoka Menengai unashuka kuelekea ziwani.

"Ni ufa," akasema Karishma. "Uko chini urefu wote huo. Na upande huu mwingine, kwenye goli la zamani?"

"Huko hakujawahi kuniomba hata karai moja. Hata dimbwi umeliona lilivyosimama."

"Basi uwanja uhamie huko, vyumba tutavisogeza pembeni. Ufa tunauzungushia ua, tunaupandia miti. Kesho saa nne ramani itakuwa mezani."

"Uwanja mzima uhamishwe kwa siku moja?" akauliza Bwana Bethwel.

"Kwenye karatasi," Karishma akasema. "Kwenye ardhi si mmeshasaidiwa?"

Ijumaa saa nne kasorobo Karishma aliingia ukumbini na macho mekundu, na ramani mpya imekunjwa kwapani. Kabla ya kuibandika alimwita Mboni. Mboni akatia kidole langoni, akafuata njia, akahesabu mikaratusi. Duara la katikati lilikuwa mbali na mti wa mwisho. Kati yao palikuwa na mstari wa nukta, na kando yake maneno.

"Yanasema nini?" akamwuliza Sundus.

Sundus alisoma, akarudia kusoma, ndipo sauti ikatoka. "Yanasema: Eneo la hatari, kwa vipimo vya Mboni Jalal, masika ishirini na moja."

Bwana Bethwel alitia sahihi akiwa amesimama. Alisema siku hiyo hakai popote. Watu wa madirishani waliposikia kalamu imewekwa chini walilipuka, na vijana walewale wa unga walimwinua Mboni na fimbo yake wakamtoa nje juu juu. Alikuwa akipiga kelele wamshushe, leso inafunguka, anaona haya. Hawakusikia. "Mathe! Mathe! Mathe!" Mtu mmoja aliongeza kwamba Molo wabaki na viazi vyao, na hata hilo likashangiliwa.

Tingatinga lilifika wiki tatu baadaye, la njano, linanguruma langoni. Wapima ardhi walikuwa wamechomeka vigingi vyao vipya, safari hii baada ya kuchimba vishimo ishirini na kimoja. Mmoja wao alisema ndiyo idadi inayofaa, bila kueleza. Dereva akazima injini, akachungulia. Vigingi alikuwa anaviona, ila katikati yake hapakuwa na kitu, na alitakiwa kukata ukingo wa uwanja wote kwa mkupuo.

Karishma alimpigia simu mtu mmoja tu.

Mboni alikuja na Sundus, gunia la udongo wa Kariandusi limewekwa juu ya mkokoteni, mkebe wa baba yake juu ya gunia, fimbo juu ya mkebe. Karishma alikuwa amemwambia ofisi ingependa kuihifadhi ile fimbo kwenye kioo. Mboni alikataa. Masika bado yapo, alisema, na ua upo, na mtu wa kupima nyuma ya ua atahitaji fimbo. Kamati ikampa ufunguo wa huo ua na wa lango la uwanja pia.

Walivuta kamba. Mboni akalala kifudifudi kwenye nyasi za asubuhi, akafumba jicho moja. Aliangalia muda mrefu, tangu kigingi cha kwanza mpaka cha mwisho. Giza tupu. Hapakuwa na uzi mmoja wa mwanga.

Akainuka, akachukua mkebe, akaanza kutembea. Udongo mweupe ulishuka taratibu nyuma yake, mita mia na kitu, kona, mita sitini na kitu, kona. Hakuna aliyemharakisha. Dereva wa tingatinga, wapima ardhi, Hezekiah aliyekuja na bauza bila sababu, Bwana Bethwel aliyeegemea mti akikataa kiti, wote walisimama wakimngoja amalize mstari wa mwisho aliowahi kuupiga kwa kamba katika uwanja huo.

Alipofika alipoanzia, mkebe ulikuwa mtupu. Akaugonga kwenye kiganja, chembe ya mwisho ya unga ikadondoka.

Dereva akawasha injini. "Mathe!" akaita juu ya ngurumo. "Nianzie wapi?"

Mboni alimwonyesha kwa fimbo.

"Anzia kwenye nyeupe," akasema. "Na usiipindishe."